Jumuiya ya Afrika Mashariki: nani anapanga ushuru, nani anasikiliza kilio cha mfanyabiashara
Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka ifikapo Juni, wafanyabiashara wengi hukaa karibu na redio kumsikiliza Waziri wa Fedha akisoma Bajeti. Akifika kwenye kodi za ndani, kalamu huandika. Akifika kwenye ushuru wa forodha, kalamu huandika vilevile, kana kwamba hayo nayo yameamuliwa Dodoma, Nairobi au Kampala peke yake. Sivyo. Viwango vya ushuru wa forodha vinavyosomwa siku hiyo huwa vimekwisha kujadiliwa na kukubaliwa na mawaziri wa nchi jirani. Kwa upande wa forodha, siku ya Bajeti ni siku ya kutangaza. Siku ya kuamua imekwisha kupita.

Anayeleta mchele kutoka Asia, anayepeleka maharage Nairobi na aliyeweka akiba yake kwenye hisa za benki ya nchi ya jirani, wote wanaguswa na chombo kimoja chenye makao makuu Arusha. Wengi wanakijua kwa jina na kwa misafara ya viongozi tu. Wachache wanajua nani ndani yake anaamua nini, kwa wakati gani, na mtu wa kawaida agonge mlango upi mzigo wake ukikwama. Kutojua huko kuna gharama: lori linalala mpakani, mzigo unaoza, na riba ya mkopo haisimami.

Makala hii inaeleza jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki inavyofanya kazi, kwa macho ya mwenye duka na mwenye mtaji mdogo.

JUMUIYA YA KWANZA ILIVYOKUFA

Jumuiya ya sasa ni ya pili. Ya kwanza iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni, 1967. Iliendesha huduma za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania: reli, bandari, posta na simu, na ndege. Juu kabisa palikuwa na Mamlaka, yaani marais watatu wakikaa pamoja.

Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka Uganda. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na Mamlaka haikukutana tena. Wakati huohuo palikuwa na manung'uniko kwamba Kenya, iliyokuwa na viwanda vingi zaidi, ndiyo iliyofaidi soko kuliko wenzake, na mashirika ya pamoja yakawa yanadaiana pesa zisizolipwa. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na katika mwaka huohuo Jumuiya ikavunjika.

Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Mwaka 1984 nchi hizo tatu zilikubaliana kugawana mali na madeni: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26. Maelfu ya waliokuwa wafanyakazi wa mashirika hayo waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi baada ya hapo.

Historia hiyo inatufundisha jambo moja ambalo halijabadilika: Jumuiya haina mkono wake yenyewe. Inatembea wakuu wa nchi wanapokubaliana, na inasimama wanapogombana.

Tarehe 30 Novemba, 1993, marais Moi, Mwinyi na Museveni walitia saini makubaliano ya kuanza upya kwa njia ya tume ya ushirikiano. Sekretarieti ilianza kazi Arusha Machi 1996. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba, 1999, na kuanza kutumika tarehe 7 Julai, 2000. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake Machi 2024. Zimekuwa nchi nane, na soko linaanzia Bahari ya Hindi hadi Atlantiki.

NGAZI ZA UAMUZI

Aliye juu kabisa ni Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Hukutana angalau mara moja kwa mwaka, na uenyekiti huzunguka. Maamuzi yake hufikiwa kwa maafikiano, si kwa kura. Chini yake lipo Baraza la Mawaziri, ambalo kwa mfanyabiashara ndilo lenye uzito zaidi. Kanuni, maelekezo na maamuzi ya Baraza yanazifunga nchi wanachama. Chini ya Baraza wapo makatibu wakuu wa wizara katika Kamati ya Uratibu, kisha kamati za wataalamu wa forodha, viwango, kilimo na kadhalika. Kwa kawaida jambo huanzia chini kwa wataalamu na kupanda ngazi kwa ngazi hadi kwa mawaziri.

Sekretarieti ya Arusha, inayoongozwa na Katibu Mkuu wa kipindi cha miaka mitano, huandaa mikutano, hutunza kumbukumbu na kufuatilia utekelezaji. Haina ofisa forodha hata mmoja mpakani. Ofisa anayekagua lori Namanga ni mwajiriwa wa mamlaka ya mapato ya nchi yake, na bosi wake yuko Dar es Salaam au Nairobi. Anatumia sheria ya Jumuiya, yaani Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, lakini mshahara wake unatoka serikalini kwake.

Lipo pia Bunge la Afrika Mashariki, ambalo kila nchi hupeleka wabunge tisa waliochaguliwa na bunge la nchi hiyo. Bunge hilo hutunga sheria, ila muswada hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi waukubali. Mkuu mmoja akikataa kuridhia, hata baada ya muswada kurudishwa kwake mara ya pili, muswada huo unakufa.

Msomaji ataona kwamba karibu kila ngazi inadai maafikiano. Faida yake ni kwamba nchi ndogo haiburuzwi na kubwa. Hasara yake ni mwendo wa kobe. Ndiyo maana Mkataba umeruhusu baadhi ya nchi kutangulia katika jambo fulani huku wengine wakifuata baadaye. Kwa mfano, mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutoa viza moja ya watalii bila kuwasubiri wenzao. Mwaka 2009 Mahakama ya Jumuiya ilitoa maoni kwamba utaratibu huo haupingani na maafikiano, kwani kuafikiana si lazima kuwe na maana ya kila nchi kufanya kila jambo kwa siku moja.

SAFARI YA KIWANGO CHA USHURU

Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 1, 2005. Maana yake ni mambo mawili. Kwanza, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisitozwe ushuru wa forodha zinapovuka mpaka wa ndani. Pili, bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya zitozwe kiwango kimoja popote zinapoingilia.

Viwango hivyo vya pamoja vilianza vitatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Tangu Julai 1, 2022 kimeongezwa cha nne, asilimia 35, kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika ambazo viwanda na mashamba ya kanda yanaweza kuzizalisha, kama vile samani, nguo na bidhaa za maziwa. Iko pia orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru mkubwa zaidi. Mchele na sukari zimo humo.

Hadi hapo mtu atasema mambo ni mepesi: kitabu kimoja, viwango vinne na orodha fupi. Tatizo linaanza na kile kinachofanyika kila mwaka kabla ya Bajeti. Mawaziri wa Fedha hukutana, na kila mmoja huja na maombi ya nchi yake. Nchi huomba iruhusiwe kuweka kando kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani na kutoza kingine, juu au chini, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Huomba pia unafuu wa ushuru kwa viwanda vilivyotajwa ili vilete malighafi kwa bei nafuu. Yaliyokubaliwa huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya na kuanza kutumika Julai 1.

Mfano mzuri ni mchele. Kiwango cha pamoja katika orodha nyeti ni asilimia 75. Lakini kwa miaka mingi Kenya iliruhusiwa kutoza asilimia 35, huku Pakistan ikiwa muuzaji wake mkubwa wa mchele na mnunuzi wake mkubwa wa chai. Hivyo gunia lilelile la mchele wa Pakistan lilikutana na ushuru mmoja Mombasa na mwingine Dar es Salaam, ingawa bandari zote mbili ziko ndani ya umoja mmoja wa forodha.

Kuna wanaoona mwanya hapo. Wanaambiwa mitaani kwamba mzigo ukishalipiwa Mombasa basi umekuwa wa Jumuiya, na unaweza kupita Namanga bila neno. Ushauri huo umewafilisi watu. Mchele wa Pakistan haugeuki kuwa wa Kenya kwa kulipiwa ushuru Kenya. Ukivushwa kuingia Tanzania unahesabiwa kuwa bidhaa ya nje, na unatozwa kwa kiwango cha Tanzania. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza 2014, nchi unakokwenda mzigo ndiyo inayokadiria na kupokea kodi zake, mara nyingi kabla mzigo haujatoka bandarini. Mzigo wa Kampala uliopo Mombasa hulipiwa Uganda kwanza.

Kwa hiyo mwagizaji makini hatazami kitabu cha ushuru peke yake. Anatazama pia Gazeti la mwaka huo, aone nchi yake imeomba nini na majirani wameomba nini. Gazeti hutolewa kwa Kiingereza na lugha yake ni ya kisheria, lakini wakala wa forodha mzuri anapaswa kulijua. Muulize kabla hujafungua hati ya benki, usimuulize meli ikiwa tayari nangani.

Jambo jingine: mwenye hoja kuhusu ushuru asisubiri Juni. Wizara za Fedha hupokea mapendekezo ya wafanyabiashara na vyama vyao miezi mingi kabla ya Bajeti, ili yachujwe na kupelekwa kwenye meza ya Jumuiya. Anayelalamika Julai amechelewa, kwani waziri wake hawezi kubadili peke yake lililoafikiwa na wenzake. Wenye viwanda wakubwa wanaijua kalenda hiyo, na ndiyo sababu majina ya bidhaa zao huonekana kwenye Gazeti. Wenye maduka huisikia redioni.

KUVUSHA MZIGO NDANI YA JUMUIYA

Turudi kwa anayepeleka bidhaa kwa jirani. Msamaha wa ushuru wa ndani hautolewi kwa sababu mwenye mzigo ni raia wa Afrika Mashariki. Unatolewa kwa sababu mzigo wenyewe umezaliwa Afrika Mashariki, na ushahidi wake ni cheti cha uasili wa bidhaa.

Kwa mazao ya shamba, mifugo na madini ya hapa, uasili hauna ubishi. Kwa bidhaa za kiwandani zilizotumia malighafi ya nje, zipo Kanuni za Uasili za mwaka 2015, zinazoeleza kwa kila aina ya bidhaa ni kazi kiasi gani lazima iwe imefanyika hapa. Kwa bidhaa nyingi, malighafi ya nje haipaswi kuzidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa inapotoka kiwandani. Kubadilisha mfuko na kubandika nembo mpya hakuhesabiki.

Chukulia mfano wa mama anayenunua maharage Babati na kuyauza Nairobi. Mzigo wake una thamani ya dola 1,800 za Marekani. Kwa kuwa hauzidi dola 2,000, na iwapo bidhaa yake imo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kinachopatikana kwa maofisa wa forodha mpakani. Halazimiki kupitia mlolongo wa wasafirishaji wakubwa. Mzigo ukizidi kiwango hicho, anahitaji cheti cha kawaida.

Hata hivyo cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha tu. Hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani wala ushuru wa bidhaa kwa vitu vinavyotozwa kodi hizo katika nchi ya mnunuzi. Hakiondoi cheti cha afya ya mimea. Hakiondoi vipimo vya ubora. Wengi waliogombana na maofisa mpakani wakidai "hii ni Jumuiya" waligombana kwa kutojua tofauti hiyo.

Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama Namanga, Holili na Taveta, Mutukula na Rusumo, maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja upande ambao mzigo unaingia, ili lori lisimame mara moja badala ya mbili. Tanzania na Kenya zilizindua rasmi kituo cha Namanga Desemba 2018.

Iko pia hadhari kwa wanaouza nje ya kanda. Tanzania iko katika Jumuiya na katika SADC, lakini ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ziko COMESA. Kongo iko kote kutatu. Kila umoja una cheti chake na masharti yake, na cheti kisicho chake hurudishwa.

MPAKA UNAPOFUNGWA

Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokuwa njiani yalikwama. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho hakikuwa kipya. Ndicho kiwango cha Jumuiya kwa mahindi. Kilichokuwa kipya ni kukitaka kwenye karatasi. Aliyekuwa na mashine ya kukaushia na cheti cha maabara alirudi barabarani mapema. Aliyekausha juani barabarani na kununua bila kupima alibaki na mahindi yake.

Kisa kingine kilikuwa kigumu zaidi. Februari 2019 Rwanda ilifunga kituo cha Gatuna, mpaka wake mkuu na Uganda, kutokana na mvutano wa kisiasa. Kilifunguliwa tena Januari 31, 2022, baada ya mazungumzo ya ngazi ya juu kati ya nchi hizo mbili. Karibu miaka mitatu hiyo, kila kanuni ya soko la pamoja ilikuwa bado imeandikwa, na hakuna aliyeweza kutoka Arusha kwenda kunyanyua kizuizi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Safari hii nyasi zilikuwa wauza vitunguu, wapagazi na wenye malori.

Kwa vikwazo vya kawaida, lakini, njia zipo. Vikwazo visivyo vya kiforodha, kama ada zisizo na maelezo, vipimo vinavyorudiwa na vizuizi vya barabarani visivyokwisha, vina sheria yake ya Jumuiya ya mwaka 2017. Kila nchi ina kamati ya taifa ya kuvifuatilia, iliyo chini ya wizara inayohusika na biashara au na Jumuiya. Malalamiko huandikwa, nchi mbili hutakiwa kuyamaliza kwa mazungumzo, na yakishindikana hupanda hadi Baraza la Mawaziri. Silaha ya mlalamikaji hapo ni karatasi: risiti, tarehe, jina la kituo na kiasi alichotozwa. Malalamiko ya mdomo hayafiki Arusha.

MAHAKAMA NA MIEZI MIWILI

Watu wachache wanajua kwamba Mkataba umempa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au kampuni, haki ya kuishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki iwapo sheria, amri au kitendo cha nchi hiyo kinavunja Mkataba. Halazimiki kumaliza kwanza mahakama zote za nyumbani.

Mfano mmoja unahusu sigara. Kampuni ya British American Tobacco Uganda iliacha kutengeneza sigara Uganda na kuzileta kutoka Kenya. Mwaka 2017 Uganda ilibadili sheria yake ya ushuru wa bidhaa, na sigara hizo zikatozwa zaidi kuliko zilizotengenezwa ndani, kana kwamba zimetoka ng'ambo. Kampuni ilikwenda Arusha. Machi 2019 Mahakama iliamua kwamba bidhaa ya nchi mwanachama haipaswi kubaguliwa hivyo, na kwamba sheria hiyo ilikwenda kinyume cha Mkataba.

Tatizo ni muda. Shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu sheria au kitendo kinacholalamikiwa kitokee, au tangu mlalamikaji alipokijua. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa cha Mahakama hiyo kilisisitiza kwamba Mkataba haukuipa uwezo wa kuongeza siku. Kampuni kubwa ina wanasheria wa kuhesabu siku hizo. Mfanyabiashara mdogo huzimaliza akimsubiri ofisa aliyeahidi kumpigia simu. Njia pekee kwake ni kwenda kupitia chama chake, na mapema.

KWA MWENYE AKIBA

Julai 1, 2010 ilianza kutumika Itifaki ya Soko la Pamoja, inayohusu pia mwendo wa watu, wafanyakazi, huduma na mitaji. Mwekezaji mdogo amefaidi hapo kiasi. Hisa za benki ya KCB, iliyoanzia Kenya, zimeorodheshwa pia katika masoko ya Kampala, Dar es Salaam na Kigali. Mwaka 2014 Tanzania ililegeza sheria zake za fedha za kigeni, na wakazi wa Jumuiya wakaruhusiwa kuwekeza kwenye dhamana ambazo kabla ya hapo zilifungwa kwao.

Lakini mtu asidhani kwamba soko la pamoja limefungua kila mlango. Kila nchi iliweka jedwali lake la ahadi: huduma zipi zitafunguliwa, kazi zipi, kuanzia lini. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo ufundi wa simu, uwakala wa kutuma pesa na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume cha Itifaki. Anayefikiria kufungua duka ng'ambo ya mpaka asome kwanza jedwali la nchi anayokwenda, kisha sheria ya leseni ya hapo. Viwili hivyo visipolingana, mwenye leseni ndiye mwenye nguvu asubuhi duka linapofunguliwa.

Kuhusu sarafu moja, itifaki yake ilitiwa saini mwaka 2013 na lengo likawa 2024. Mwaka huo ulipita, na lengo limesogezwa hadi 2031. Hatari ya kubadilisha shilingi moja kwa nyingine bado ni ya mwekezaji mwenyewe. Hisa inaweza kupanda Nairobi, na faida ikaliwa yote na bei ya sarafu kabla haijafika Dar es Salaam.

HAZINA YA JUMUIYA

Udhaifu wa mwisho ni wa pesa. Mkataba uliweka michango sawa kwa kila nchi, tajiri na maskini, na sehemu nyingine ikatoka kwa wafadhili. Baadhi ya nchi zimekuwa zikichelewa kulipa, na vikao vya Bunge na vya wataalamu vimewahi kuahirishwa kwa ukosefu wa fedha. Kikao cha wataalamu kikiahirishwa, si posho pekee inayokosekana. Faili la kikwazo cha mpakani linabaki mezani, kwa kuwa halina pengine pa kupandia.

Kwa hiyo msomaji asiitazame Jumuiya kama serikali kubwa iliyo juu ya serikali zetu. Ni meza yenye viti vinane. Kinachokubaliwa mezani kina nguvu ya sheria, lakini hutekelezwa na kila mmoja nyumbani kwake.

Mambo ya kukumbuka ni machache. Mapendekezo ya ushuru yapelekwe kupitia chama miezi mingi kabla ya Juni. Gazeti la Jumuiya lisomwe kabla ya kuagiza mzigo utakaofika baada ya Julai 1. Cheti cha uasili kiandaliwe kabla lori halijaondoka. Kila tozo idaiwe risiti. Na siku sheria mpya inapokuumiza, andika tarehe ukutani, kwa sababu miezi miwili imeanza kuhesabika.